Kiti cha Tisa

Barua imekuja asubuhi, kabla ya chai,
mhuri wa Mahakama ya Milimani umekolea wino:
Bi Nzisa Kavili, mwanabodi wa hospitali,
ametangazwa muflisi.
Nami karani nimeagizwa, kwa sentensi moja,
niondoe kibao chake mezani.

Ni kibao kidogo cha mvule.
Herufi zake nilizichongesha mwenyewe Gikomba
kwa shilingi mia tatu na hamsini.
Nakishika. Ni chepesi mno
kwa jina lililokuwa likiuliza maswali mazito.

Yeye ndiye aliyesoma hesabu mpaka ukurasa wa mwisho,
akilowesha kidole kwa ulimi,
akasimama penye mstari wa mafuta ya jenereta:
"Hii jenereta inakunywa mafuta, au inayaoga?"
Wenzake waliangalia simu.
Mwenyekiti akakohoa. Nikaandika kwenye kumbukumbu:
Suala liliahirishwa.

Sheria inasema: asiyeweza kuchunga chake
asikabidhiwe cha watu.
Siibezi sheria hiyo.
Namkumbuka Bwana Mugambi wa Kariobangi,
mweka hazina wa chama chetu cha wapangaji,
aliyefilisika mara ya kwanza tukamwonea huruma,
tukampa daftari tena, na kalamu, na ufunguo;
na mama yangu hadi leo
akisikia neno "mgao" hugeuza uso ukutani.
Ningeulizwa siku ile ningesema: mfungieni mlango,
kwa komeo, kwa kufuli, na jiwe juu yake.

Lakini Nzisa alifilisikaje?
Nilipeleleza, si kwa umbeya; haya, kwa umbeya kidogo.
Alikuwa na cherehani kumi na nne Eneo la Viwanda,
wanawake kumi na nne, redio moja.
Walishona shuka elfu sita za mabweni ya serikali,
zikapelekwa, zikahesabiwa, zikatiwa sahihi.
Mwaka ukapita, na mwingine.
"Malipo yako yanashughulikiwa,"
aliambiwa dirishani na kijana asiyeinua macho.
Benki haijui "yanashughulikiwa". Benki hujua tarehe.
Madalali walikuja Jumanne, na mvua,
wakazitoa cherehani moja moja
kama majeneza ya watoto.

Serikali ndiyo mdeni wake,
na serikali hiyo hiyo inaniagiza
nimwondolee jina mezani
kwa sababu ana madeni.

Na kiti cha saba? Kiti cha saba hakina doa.
Mali yake imeandikwa kwa jina la shemeji,
madeni yake kwa jina la kampuni iliyokwisha kufa
ikazikwa bila matanga.
Huyo hafilisiki ng'o.
Kwenye karatasi hana hata kijiko cha kupigwa mnada.

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Hawakutuambia tufanyeje
daftari likiwepo, na habari zikiwepo,
na aliyelisoma ndiye tunayemtoa nje.

Sijui. Mimi hupanga viti, sipangi sheria.
Pengine mtu angeulizwa kwanza: ulianguka, au uliangusha?
Pengine swali hilo ni refu mno
kwa fomu yenye visanduku viwili,
ndiyo, na la.

Saa nane kamili wameingia.
Kibao kimo kwenye mtoto wa meza, kifudifudi,
kando ya stepla na kandili ya siku za giza.
Mpishi ameleta vikombe tisa; sikuwa nimemwambia.
Ajenda ya nne: mafuta ya jenereta.
Yamepitishwa bila swali
kabla kikombe cha tisa hakijapoa.